Kichupa cha Tarehe Kumi na Nne

Gari jeupe lilipoingia uani siku ya Alhamisi, Tryphosa alikuwa amepiga magoti kando ya beseni, akikamua kitambaa cha maji baridi cha kuweka kwenye paji la uso la mjukuu wake. Alilijua gari hilo kwa mlio. Kilichomshtua ni siku yenyewe. Watu wa tumbili walikuwa wamekuja Jumapili, wakachukua vichupa vya mwisho, wakashukuru na kuaga. Sasa Alhamisi walikuwa wamesahau nini?

Tuseme jambo kama lilivyo. Kwa wiki mbili za mwanzo wa mwezi wa sita, mume wake, Alfayo Mogire, mzee wa kanisa la Wasabato, mtu wa kofia na koti hata jua likiwaka, alikuwa ameajiriwa kuokota mavi ya tumbili. Ndiyo, mavi. Hakuna jina la kuyapamba. Kundi la tumbili lilishuka kila asubuhi kutoka kwenye mwamba wa Manga kuja kumaliza ndizi zake, na Daktari Nyangau, mwanamke wa Mosocho anayefanya kazi katika maabara moja mjini Kisii, alitaka kujua kama wanyama wale wanabeba vimelea vya malaria. Zamani, alieleza, ungemtega tumbili, umlaze kwa dawa, umtoe damu, na pengine akuume. Siku hizi humgusi kabisa. Unangoja aende haja, unaokota kidogo kwa kijiti, unatia ndani ya kichupa chenye dawa ya kuhifadhi, unaandika tarehe. Mashine huko mjini inasoma vilivyomo na kusema kama malaria ipo au haipo.

Majirani walicheka hadi wakashika mbavu. Wakambandika jina, Daktari wa Mavi. Watoto wa shule walimwamkia hivyo barabarani, kwa heshima zote, kisha wakatimua mbio. Alfayo alivumilia, kwa sababu malipo yalikuwa yameshapangiwa mabati ya jikoni, na jiko la Tryphosa lilikuwa linavuja mpaka kwenye sufuria.

Sharti lilikuwa moja tu: siku kumi na nne mfululizo, bila pengo. Ukiacha pengo, kazi inahamia kijiji kingine. Alfayo alitia sahihi upesi upesi, kalamu ikakaribia kutoboa karatasi, ndipo akakumbuka kwamba ndani ya siku kumi na nne mna Jumamosi mbili. Na huyu ni mtu ambaye siku ya Sabato hata kiatu hapigi rangi.

“Mzee, tumbili hawajui Sabato,” Daktari alimwambia kwa upole. Yeye ni Mkatoliki.

“Mimi naijua,” Alfayo akajibu. “Lakini usiwe na wasiwasi. Jumamosi ataokota Ochoki.”

Jambo hilo halikumshangaza mtu. Pale Manga ndivyo watu wanavyoishi: Mkatoliki anamchumia Msabato majani chai Jumamosi, na Msabato anarudisha mkono Jumapili. Ochoki, jirani yao na mzee wa kijiji, alikuwa Mkatoliki wa kutosha. Alfayo alisema ameshaongea naye, mambo yamekwisha. Tryphosa hakuwa na sababu ya kumshuku. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa hakuwahi kumsikia mume wake akisema uongo, hata ule mdogo wa kumpendeza mgeni.

*

Purity, binti wa mtoto wao Duke, alianza kuchemka mwili siku ya tarehe kumi na mbili. Alikuwa na miaka mitatu. Mwezi uliotangulia yeye na babu yake walikuwa wamekwenda Homa Bay kumtembelea Duke, anayefanya kazi kwenye ghala la samaki, wakakaa wiki nzima kando ya ziwa na mbu wake. Hakuna aliyelikumbuka hilo. Mama yake mtoto, Kwamboka, alisema wampeleke hospitali. Tryphosa akasema hapana.

“Hii ni ebirimi,” alimwambia mkaza mwanawe. “Mimi nimelea watoto sita. Naijua nikiiona.”

Akaitwa Bathsheba, mwanamke anayekanda watoto wenye maradhi hayo, ambayo wazee husema hukaa kooni na hayataki sindano. Alikuja na majani yake ndani ya leso, akamkanda Purity koo na kifua mpaka mtoto akalia kwa sauti ya kukauka. Alipomaliza alimgeukia Kwamboka, maana alikuwa ameshasikia habari ya hospitali. “Huyu akichomwa sindano,” alisema, “mjiandae kuchimba kaburi.” Kwamboka akamfunika mtoto. Angefanya nini? Alikuwa ameolewa mwaka wa nne tu, mume yuko mbali, na mama mkwe ameshasema.

Jumamosi ya tarehe kumi na nne Tryphosa hakwenda kanisani. Alibaki na mgonjwa, Alfayo akaondoka na Biblia kwapani, Kwamboka akateremka mtoni kufua nguo za mtoto. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na tumbili hawakushuka. Kichupa cha mwisho kilikuwa dirishani, tarehe ishaandikwa, kitupu. Ochoki hakutokea. Saa nne, hakutokea. Saa sita, hakutokea. Tryphosa akajitanda shuka, akaenda mpaka kwake, akamkuta mkewe akimenya ndizi.

“Ameenda mazishini Mosocho tangu jana,” mke wa Ochoki akasema. “Kwani alikuwa na kazi kwenu?”

Tryphosa alirudi nyumbani mbio. Siku kumi na tatu za kuchekwa na watoto wa shule, halafu pengo moja siku ya mwisho? Alizunguka migombani akiinama kama anayetafuta sindano. Hakuna. Aliporudi ndani, Purity alikuwa kwenye poti, anaharisha. Tryphosa aliitazama poti, akakitazama kichupa. Mavi ni mavi, alijiambia. Nani atajua? Akachukua kijiti.

Alfayo aliporejea jioni alikiona kichupa kimejaa. “Ochoki alikuja?” akauliza.

“Alikuja.”

Mume wake alimwangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Halafu akavua kofia, akasema, “Bwana asifiwe,” akaketi kula.

*

Sasa Daktari Nyangau alikuwa uani, na alikuwa amekuja na Ochoki. Hakutaka chai. Hilo peke yake lilitosha kumtia mtu hofu, maana ni mwanamke aliyekuwa akinywa vikombe viwili na kuomba cha tatu. Majirani wawili watatu waliokuwa wakipita na mizigo ya majani ya ng'ombe walisimama kwenye ua na kusahau walikokuwa wakienda. Kwamboka alikuwa ndani na mtoto. Tryphosa alisimama mlangoni, kitambaa kikimdondoka maji mkononi.

“Mzee Alfayo,” Daktari alianza, “nimetoka mjini mbio. Mashine yetu haisomi malaria peke yake. Kwanza inasoma kinyesi ni cha nani. Kila kiumbe kinaacha chembe zake humo. Tumbili zake, mbwa zake.”

“DNA,” akasema Ochoki kwa kujua. “Ile ya kutafuta baba ya mtoto.”

“Hiyohiyo. Sasa, kichupa cha tarehe kumi na nne si cha tumbili. Ni cha binadamu. Na vilevile kile cha—”

“Cha binadamu!” Alfayo alipaza sauti kabla hajamaliza. Alikuwa amesimama wima, koti limefungwa vifungo vyote. “Unaniambia nini, Daktari? Kwamba mimi, kwa umri huu, nimechota mavi ya watu nikakuletea?”

Kule uani mtu alicheka, kisha akageuza kicheko kikohozi.

“Sisemi ni wewe,” Daktari akasema. “Ilikuwa Jumamosi. Ulisema ni Ochoki.”

“Mimi?” Macho yalimtoka Ochoki. “Tarehe kumi na nne nilikuwa Mosocho, tunamzika shemeji yangu. Uliza mtu yeyote. Na tena mimi nilimwambia Alfayo tangu siku ya kwanza kwamba—”

“Ochoki, nyamaza kwanza!” Alfayo alinyoosha mkono. Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo. “Nyote mnanijua. Msabato haapi. Nikisema ndiyo ni ndiyo, nikisema hapana ni hapana. Katika vichupa vile hakuna hata kimoja nilichotia kitu kisichotoka kwa tumbili. Hakuna! Nimesema mbele ya Mungu na mbele yenu.”

 Tryphosa alimwona mume wake anajianika hadharani kwa ajili ya uongo ambao, kwa jinsi mke alivyojua, hakuujua. Ulikuwa wake, Tryphosa. Alitaka kusema.  Akawaona wale wanawake wenye majani ya ng'ombe, akajua kwamba kufika jua kutua habari itakuwa imefika Kiogoro. Mke wa mzee wa kanisa. Mavi ya mjukuu. Siku ya Sabato!

“Mzee, sikuja kugombana,” Daktari akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. “Vichupa nitavitupa, hiyo si hoja. Nimekuja kwa sababu aliyetoa kile kinyesi ana malaria, tena ile kali, na vimelea vimejaa. Leo ni siku ya tano tangu siku ile. Mtu huyo kama hajatibiwa anaweza kufa wakati sisi tumesimama hapa tunabishana. Naomba tu mniambie. Ni nani?”

 Kuku alipita katikati yao akidonoa. Ndipo Kwamboka akapiga ukelele ndani ya nyumba, ukelele ambao Tryphosa alikuwa akiuogopa tangu asubuhi.

“Mama! Mama, njoo! Macho! Macho yake yamegeuka!”

“Ni Purity!” Tryphosa akasema, na aliposema mara ya kwanza hakuweza kuacha. “Ni Purity, ni mtoto, ni mimi! Nilichota kwenye poti. Ochoki hakuja, tumbili hawakuja, nikachota kwenye poti. Yuko ndani. Ee Nyasae, Mungu wangu, yuko ndani anakufa na mimi namkanda koo!”

Daktari Nyangau alikuwa ameshampita mlangoni.

*

Ndani ya gari Kwamboka alimpakata mtoto na hakumtazama mama mkwe wake hata mara moja. Purity alikuwa ameacha kukakamaa, sasa alikuwa amelegea kama nguo iliyofuliwa. Daktari aliendesha na kupiga honi mfululizo. Tryphosa alikuwa kiti cha nyuma, kitambaa chenye maji bado mkononi, hakujua akiweke wapi.

“Nilisema hospitali,” Kwamboka alisema walipokuwa wanateremka Manga. Aliyasema polepole, akiwa anatazama mbele. “Siku ya kwanza. Nilisema.”

“Ulisema, mwanangu.”

“Mkasema mnajua.”

 Tryphosa aliona aibu iliyopita ile ya uani, maana ile ilikuwa ya watu na hii ilikuwa ya kweli.

Hospitalini mhudumu alimchoma Purity kidole. Tryphosa alifumba macho sindano ilipoingia, akingoja lile alilotabiri Bathsheba. Alipofumbua, mtoto alikuwa analia. Alikuwa hajalia tangu jana. Kwenye kijikaratasi cha kupimia mistari miwili ilijitokeza, myekundu, hata miwani haikuhitajika kuiona. Wakamtundikia maji, wakamchoma dawa kwenye mshipa, wakasema watamchoma nyingine baada ya muda wa saa kumi na mbili, na nyingine tena. Daktari wa wodi, kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, aliuliza mtoto amekuwa hivyo siku ngapi. Kwamboka alimwachia mama mkwe aseme.

“Siku ya nane,” Tryphosa akasema.

Kijana alimwangalia, akaandika. Hakumkemea. Ingekuwa afadhali amkemee.

Alikaa sakafuni kando ya kitanda cha Purity, kidole cha mtoto kikiwa kimeshikwa ndani ya kiganja chake, mpaka kukapambazuka. Asubuhi Purity alifungua macho na kuomba ndizi. Kwamboka aliangua kilio. Halafu akaketi sakafuni kando ya Tryphosa, mabega yakagusana, wakalia wote wawili kama waliofiwa, ingawa hakuna aliyekufa.

*

Alfayo alifika Ijumaa saa tano, na chupa ya uji. Alikuwa amevaa koti lilelile na kofia ileile, na juu ya koti amejitanda shali, ingawa joto la mji wa Kisii lilikuwa kali. Alimtazama mjukuu wake akinywa uji, akasema asante Bwana. Kisha akatoka na mkewe hadi kwenye benchi la nje, mbele ya chumba cha kupimia damu, watu wakiwa wamejipanga.

“Mama Duke,” alianza, “umenivua nguo.”

“Najua.”

“Mbele ya Ochoki! Mbele ya wale wanawake! Nimesimama nikasema hapana yangu ni hapana, kumbe mke wangu yuko nyuma yangu na poti. Sasa mimi nitapandaje madhabahuni?”

“Nimekosa, Baba Duke.”

“Hili limefika kwa mchungaji. Sabato ijayo utasimama mbele ya kanisa, useme mwenyewe kwa kinywa chako. Kwamba ulidanganya, na ulidanganya siku ya Bwana. Sitaweza kukukinga.”

“Nitasimama,” Tryphosa akasema.

Wale waliokuwa kwenye foleni walikuwa wamegeuka wote. Alfayo hakupunguza sauti. Tryphosa aliinamisha kichwa na kuyapokea yote, maana aliona ni haki yake. Mtoto alikuwa hai. Yeye asimamishwe popote wanapotaka.

Daktari Nyangau aliwakuta hapo. Alikuwa amekuja kumwona Purity, na alikuwa na daftari lake mkononi. Alimsalimia Tryphosa kwanza, akampa pole, kisha akaketi kando ya Alfayo.

“Mzee, jana hukuniacha nimalize. Kuna kichupa kingine. Cha tarehe saba, ile Jumamosi ya kwanza. Nacho si cha tumbili.”

Tryphosa aliinua kichwa. Tarehe saba? Siku hiyo alikuwa kanisani toka asubuhi hadi jioni, kwenye kiti cha tatu na kina mama wenzake. Kichupa alikikuta kimejaa Jumapili asubuhi, na Alfayo ndiye aliyemwambia kwamba Ochoki alipitia.

“Muulize huyu,” Alfayo alisema upesi, akimwonyesha mke wake kwa kidevu. “Si ameshakiri? Aliyefanya cha pili ndiye aliyefanya cha kwanza.”

 Tryphosa alimtazama mume wake usoni, akitafuta yule mtu wa miaka thelathini na minne, na uso aliouona ulikuwa umejaa hofu tupu.

“Haiwezekani,” Daktari alisema. Alikuwa anaangalia daftari, si watu. “Ni cha mwanamume.”

Mwanamke mmoja kwenye foleni akasema, “Ala!” akajiziba mdomo.

Nyumbani kwa Alfayo kulikuwa na mwanamume mmoja tu. Duke alikuwa Homa Bay tangu Pasaka. Tryphosa akakumbuka jioni ile ya tarehe kumi na nne, alipomwambia Ochoki alikuja, na mume wake akamtazama vile. Alikuwa anajua. Alijua Ochoki alikataa kazi ile tangu siku ya kwanza; ndilo neno alilomkatiza Ochoki uani. Alijua mkewe anamdanganya, kwa sababu uongo huo alikuwa ameutumia yeye kwanza, akasema Bwana asifiwe, akala.

“Na… hicho,” Alfayo akauliza.  “Kina kitu?”

“Kina malaria, mzee. Si nyingi kama ya mtoto, lakini ipo. Kwamboka amenieleza habari ya Homa Bay; nadhani mliitoa safari moja.”

Alfayo alijivutia shali. Wiki tatu alikuwa akilaumu baridi ya Manga. Wiki tatu kila jioni blanketi mbili, kila asubuhi shuka zimelowa jasho, na mtu akiuliza anasema ni uzee. Kifuniko cha chupa ya uji aliyoishika kilianza kugongagonga. Watu wa foleni walitazama pembeni, ukutani, kwenye vidole vyao, popote pasipokuwa na yeye.

Tryphosa alimpokonya chupa. Alitaka kumwambia mengi, na mengine alishayapanga tayari mdomoni. Akamwangalia, kofia imemshuka, meno yanagongana saa tano ya mchana.

“Vua koti, Baba Duke,” akasema. “Wakupime.”

Alfayo alihangaika na vifungo, akashindwa. Tryphosa alimfungua kimoja kimoja mbele ya watu wote, akamkunja mkono wa shati, akamsogeza mbele ya foleni, na hakuna aliyelalamika kwamba wameiruka. Mhudumu alimshika kidole.

“Na Sabato ijayo,” mkewe alimwambia sikioni, “tutasimama wawili.”